Moyo wa Mandat, Mbwa wa Nyumba Saba

Mbwa yule alikuwa na wenyewe saba, na kwa hiyo hakuwa na mwenyewe. Ndivyo vilivyo vitu vya watu wote katika mji wa Kisangani, kuanzia bomba la maji hadi taa za barabarani. Tofauti ni kwamba mbwa alikuwa anafanya kazi.

Jumatatu alikula kwa Mama Micheline, Jumanne kwa Papa Évariste, Jumatano kwa Papa Alfani fundi cherehani, Alhamisi kwa Daudi mwuguzi, Ijumaa kwa Bonheur mfyatua matofali. Jumamosi na Jumapili alikula kwenye nyumba mbili za mwisho wa avenue yao, ile njia ya mtaa, ambazo zilimpikia vizuri kuliko zote na hazikuwahi kugombana na mtu, kwa hiyo hazina sababu ya kutajwa tena. Mpango huu waliuita likelemba ya mbwa, wakiiga likelemba ya wamama wa soko, ambamo kila mmoja hutoa na kila mmoja hufikiwa na zamu ya kupokea. Katika likelemba hii wote walitoa. Aliyepokea ni mbwa.

Jina lake Mandat. Aliletwa Kabondo, mtaani kwao, akiwa mtoto mwaka 2016, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa na neno hilo mdomoni, kila mtu akiuliza mandat, yaani muhula wa rais, inaisha lini. Mbwa naye alikuwa anaharisha vibaya, na kila mtu akauliza anaisha lini. Hakuisha. Jina likamshika.

Aliyempa jina ni Papa Évariste. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anavuta vyuma vya kubadilisha njia za reli ng'ambo ya mto, Lubunga, pale gari-moshi la Ubundu linapoanzia, na kazi ya kukaa kando ya reli ukingoja gari-moshi inampa mtu nafasi kubwa ya kusoma. Alisoma kila kilichomfikia: magazeti yaliyofungiwa karanga, kitabu cha sheria kisicho na jalada, hata maandishi ya kwenye magunia ya unga. Shule yenyewe aliachia darasa la sita, mwaka 1969, alipofukuzwa kwa kuuliza swali. Swali alilikumbuka, tarehe aliikumbuka, na rangi ya suruali ya mwalimu aliikumbuka.

Mtu wa namna hiyo ukimpa mbwa wa watu saba, ataandika sheria. Papa Évariste aliandika vifungu kumi katika daftari la shule, akavisoma kwa sauti mbele ya wote mwaka 2017, wote wakapiga makofi ili amalize, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua lile daftari isipokuwa yeye. Kifungu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha nne: mbwa wa avenue haondolewi kazini ila kwa sababu ya afya, iliyothibitishwa mbele ya watu. Alikiandika makusudi ili kumfunga mikono Mama Micheline. Mama Micheline ndiye chef, yaani mkuu, wa avenue, muuza samaki wa chumvi, mwanamke mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mto bila mtumbwi.

Sasa sikia kilichotokea. Mwizi aliingia kwa Mama Micheline mchana kweupe, akabeba beseni kubwa la aluminiamu pamoja na makayabu, yule samaki wa chumvi, aliyekuwa ndani yake. Mandat alikuwa amelala mlangoni. Alifungua jicho moja, akamtazama mwizi akiingia. Akamtazama akitoka. Halafu akalifunga jicho.

Jumamosi iliyofuata, salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ilipokwisha na mitaro kusafishwa kwa kiasi cha kumridhisha mtu asiyeitazama, Mama Micheline alisimama katikati ya njia, jembe begani.

"Mbwa gani ile haibweke?" akauliza. "Mwizi anapita, yeye anaangalia tu, kama iko cinéma!"

"Haijabweka tangu 2016," Papa Évariste akamjibu. "Iko mbwa ya pori, ya wawindaji. Aina yake haibweke, ndiyo maana kule wanaifunga kengele ya mti shingoni. Tuliambiwa hivyo siku ya kwanza, tarehe sita mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Weye ulikuwa umevaa pagne ya kijani."

"Muna musikia mutu huyu? Pagne yangu ya 2016!"

"Na ulisema: 'Muzuri, tutalala.' Maneno yako."

"Bon," akasema Mama Micheline, kama anayekata kamba. "Mbwa imezeeka. Léon, mutoto ya dada yangu, amenitumia ingine toka Banalia. Inaitwa Champion. Kifua hivi! Donc Mandat tunamupa retraite, apumzike."

"Retraite wapi?"

"Kwa Bonheur."

Watu wote wakamtazama Bonheur. Bonheur akamtazama mbwa.

"Mimi minapenda sana mbwa," akasema kwa unyenyekevu.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Avenue nzima ilijua Bonheur anavyopenda mbwa: kwa pilipili nyingi, na lituma, ndizi za kupondwa, pembeni. Kila Ijumaa alimlisha Mandat kwa ukarimu wa kutia shaka, na kabla ya kuagana naye alimbonyeza mbavu kwa kidole gumba, polepole, kama mama anayechagua avoka.

"Article quatre!" Papa Évariste akapaza sauti, kidole juu. "Haiondolewe kama haiko mugonjwa! Na ugonjwa uonekane mbele ya batu!"

Mama Micheline akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyefunguliwa mlango na adui yake mwenyewe.

"Afya? Sawa. Docteur Daudi iko hapa. Apime."

Daudi hakuwa daktari. Alikuwa mwuguzi wa kituo kidogo cha afya, lakini watu walimwita Docteur, naye alikuwa ameacha kukataa tangu Agosti 2019. Stetoskopu yake haikumtoka shingoni hata siku ya kuzibua mitaro. Akapiga magoti kwenye vumbi, Mandat akalala ubavu, akidhani anakunwa, na Daudi akaweka kile kisahani cha baridi nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele.

"Kimya!"

Watu wakanyamaza. Kidole cha Daudi kikaanza kupiga hewani, kikifuata moyo.

"Tu-tup," akanong'ona. "Tu-tup, tu-tup, tu-tup... tu-tup..." Kidole kikabaki juu. Kikakaa. Macho ya Daudi yakatoka. "Eh!"

"Nini?"

"Imesimama!"

"Nini imesimama?"

"Moyo!"

Wote wakarudi nyuma hatua moja. Mandat akajikuna sikio.

"Ah," akasema Daudi. "Imerudia."

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Katika mji ambao kila mtu ni fundi wa kila kitu, moyo wa mbwa ulipata mafundi wengi. Mama Micheline akasikiliza, akasema ni kama mtu anayepanda ngazi, anakumbuka kitu, anarudi kukichukua. Bonheur akasikiliza muda mrefu mno, akimeza mate, akasema kwa huzuni kwamba moyo ni kiungo kitamu, hapana, kiungo kigumu. Papa Alfani, ambaye ukoo wao ulikuwa na msikiti hapa mjini kabla babu wa babu wa Micheline hajajua Kisangani iko wapi, alizungushia mkono wake kitambaa cha kitenge kwanza. Siku ya zamu yake alimlisha Mandat kwa mwiko uliofungwa kwenye mpini wa jembe, asije akaguswa na mate. Akaivaa stetoskopu masikioni, akafumba macho.

"Hii minaijua," akasema. "Mukanda ya cherehani imelegea. Ikianza hivi, utashona kifungo moja. Ya pili, sindano inavunjika."

Papa Évariste alichukua stetoskopu wa mwisho. Alitaka kusikia uongo wao. Akasikia gari-moshi. Lilikuja kwa kasi, tu-tup tu-tup tu-tup, kama linavyovuka maungo ya reli, halafu likapunguza, likapunguza tena, likasita, na moyo wake yeye mwenyewe ukasita nalo. Gari-moshi la namna ile alilijua. Alikuwa ameliona mara nyingi likiondoka Lubunga na mafukara wamekalia paa. Halikufika.

Akamrudishia Daudi stetoskopu bila kumtazama.

Ndipo akaletwa Champion, mbwa mwekundu mwenye kifua kama pipa na mkia usiojua kutulia. Daudi hakuwahi hata kukigandamiza kile kisahani. Alikivuta nyuma kama aliyeungua.

"Mama yangu! Huu ndiyo moyo! Bwush, bwush, bwush! Haisimame, haipotee, haichelewe! Hata stetoskopu haina kazi, wekeni mukono!"

Wakaweka mikono, mmoja mmoja. Kifua cha Champion kilitetemeka chini ya viganja vyao kama friji kuukuu umeme unaporudi. Papa Alfani akasema hiyo ndiyo mashine. Mama Micheline akasema ndiyo mbwa ya chef. Daudi, amenyooka wima, akatangaza mbele ya watu kwamba Mandat ana moyo mbovu na Champion ana moyo wa askari, na hivyo masharti ya kifungu cha nne yametimia.

"Saa kumi Bonheur atakuja kumuchukua," akasema Mama Micheline.

"Contre-expertise!" Papa Évariste akapiga kelele. "Article sept! Mutu ana haki ya kuleta fundi yake!"

"Saa iko tano. Leta fundi yako mpaka saa kumi. Saa kumi na dakika moja, tunafunga."

Fundi wake. Katika Kisangani yote Papa Évariste alimjua daktari mmoja tu wa mifugo, na alimjua kwa sababu alikuwa amemwandikia barua tatu za malalamiko. Akapanda toleka, baiskeli ya kukodi, akashikilia kiti cha baiskeli kwa mikono miwili hadi soko kubwa, na njia nzima akazikumbuka zile barua neno kwa neno, jambo ambalo kwa mara ya kwanza maishani halikumfurahisha.

Doktere Larissa alikuwa kwenye meza za nyama, kazini kukagua, buti za mpira miguuni, muhuri mkononi. Alikuwa msichana bado, au hivyo ndivyo Papa Évariste alivyomwona. Kwa umri wake watu wote walikuwa wasichana na wavulana.

"Papa Évariste?" akasema Larissa kabla hajasalimiwa. "Papa Évariste wa barua?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Ile uliandika mimi niko 'rafiki wa mizoga'?"

Papa Évariste akakohoa. "Ile ya mwaka jana minaiondoa."

"Na ile ya 2023?"

Angeweza kusema uongo. Mbwa alikuwa anangoja sufuria, na uongo mmoja haungemwua. Lakini alilikumbuka lile paja la ng'ombe la Februari 2023, limeoza na muhuri wake juu.

"Ile ilikuwa kweli," akasema.

Larissa akacheka hadi akaweka muhuri chini. "Ilikuwa kweli," akakubali. "Nilikuwa na siku mbili ya kazi. Sema, unataka nini?"

Akamweleza. Alieleza kama kawaida yake, kuanzia 2016, na Larissa akamkatiza mara nne kumrudisha kwenye moyo.

"Ile mbwa inaanguka?"

"Hapana."

"Inakohoa? Ulimi wake inageuka bluu?"

"Hapana."

"Inachoka?"

"Ikiona kazi, ndiyo. Lakini inakula nyumba saba, na haijakosa hata moja."

Larissa akavua aproni. Alichimba mfuko wake hadi chini kabisa, akatoa stetoskopu ikiwa bado ndani ya nailoni yake. "Papa, miaka tatu niko hapa minapiga muhuri nyama," akasema. "Hakuna mutu hata moja alishaniita kusikiliza kitu inapumua. Twende."

Walipofika avenue ilikuwa saa tisa na nusu. Bonheur alikuwa amekwisha kuwasha moto uani kwake. Alisema anaota tu, joto la mchana likiwa la kuyeyusha sabuni. Watu wote walikuwa wamekaa kungoja, na walipomwona aliyeshuka kwenye toleka ya pili, Mama Micheline akajipiga paja.

"Mutoto huyu ndiyo fundi? Mwanangu, ulishakula?"

"Nilishakula, Mama, merci. Naomba batu banyamaze."

Wakanyamaza kwa mshangao. Larissa akakaa chini vumbini, akamwachia Mandat aunuse mkono, akamngoja atulie. Mandat alikuwa anahema ulimi nje, na Larissa akamfumba mdomo taratibu kwa mkono mmoja, kwa sababu mbwa akihema, alisema, utasikia upepo na kudhani ni moyo. Daudi akatazama pembeni. Larissa akaweka kisahani upande wa kushoto nyuma ya kiwiko, akasikiliza; akakisogeza mbele kidogo, akasikiliza; akahamia kulia, akasikiliza. Vidole vyake vya mkono mwingine vilikuwa ndani ya paja la mbwa, vikipapasa mshipa. Wakati wote huo hakusema kitu, na Papa Évariste, ambaye hakuwa amenyamaza muda mrefu kama huo tangu ubatizo wake, alijiuma ulimi.

"Moyo hii," Larissa akasema mwishowe, "iko muzuri sana."

"Inasimama!" akasema Daudi. "Nimesikia na masikio yangu! Shuleni tulifundishwa..."

"Mulifundishwa moyo ya batu, Docteur. Kuja, sikiliza. Lakini mara hii angalia mbavu."

Akampa Daudi sikio moja la stetoskopu na Papa Évariste la pili, wakagusana mashavu kama wapenzi. "Mbavu inapanda, mbwa anavuta pumzi," Larissa akasema. "Moyo inafanya nini?"

"Inakimbia," Daudi akanong'ona.

"Mbavu inashuka."

"Inapunguza. Inapunguza... Inasimama!"

"Inangoja. Mbavu inapanda tena?"

"Inakimbia."

"Mbwa yenye afya, ikitulia, moyo yake inafuata pumzi. Karibu mbwa zote. Ingekuwa mutu mukubwa kama weye, ningeuliza maswali. Mbwa, minamupongeza."

Papa Évariste alibaki na sikio lake la stetoskopu. Aliangalia ule ubavu ukipanda na kushuka, akasikia lile gari-moshi lake, na sasa akaviona vilima. Ule haukuwa uchakavu wa reli. Ulikuwa mwendo wa dereva anayeijua njia, anapunguza pa kupunguza na kuachia pa kuachia. Yeye, miaka thelathini na mmoja kando ya reli, alikuwa ameusikiliza mwendo bila kuitazama ardhi. Alijikasirikia, halafu akamkasirikia Daudi, na hiyo ya pili ikampa nafuu.

"Maneno," akasema Mama Micheline. "Maneno tu. Nani anajua?"

"Tuone basi," Larissa akasema. "Mbwa ikikimbia, ule mungojo unapotea. Moyo inapiga sawa-sawa. Mukimbizeni."

Hapo kazi ikawa ngumu. Mandat hakuwa amekimbia tangu uchaguzi wa 2018. Walimwita, wakapiga makofi, wakapiga mluzi. Papa Alfani alipunga kitambaa. Mama Micheline alitupa kipande cha makayabu umbali wa hatua ishirini, kwa uchungu unaoonekana, na Mandat akaenda akitembea, akakila akiwa amekaa, akarudi akitembea.

Ndipo Bonheur akatoka uani kuuliza kwa nini wanachelewa. Sufuria ilikuwa mkononi mwake.

Mandat aliondoka kama jiwe la manati. Alifika mwisho wa avenue, akaizunguka ile pampu ya maji, akarudi, akapita kati ya miguu ya Daudi, akarudia mzunguko mzima mara ya pili, kisha akajitupa chini ya meza ya cherehani ya Papa Alfani, pua yake yenye majimaji juu ya mguu mtupu wa fundi.

"Udhu yangu!" Papa Alfani akalia. "Nimeshatawadha! Alasiri imefika! Mutoeni huyu!"

"Kabla hamujamutoa," akasema Larissa, tayari amepiga magoti. Akampa Daudi stetoskopu.

Daudi akasikiliza. Kila mtu alikuwa anamtazama, na mbele yake kulikuwa na njia mbili, kama kwenye zile reli za Lubunga. Hapa haki itendeke: alivuta chuma cha upande ulio sawa.

"Haisimame," akasema. "Inapiga moja kwa moja. Kweli kabisa." Halafu kwa sauti ndogo: "Nilikosea."

Papa Évariste aliiweka tarehe hiyo kichwani, pamoja na saa.

"Bon, Mandat iko mzima," Mama Micheline akasema. "Lakini Champion iko na nguvu zaidi. Mwanangu, musikilize Champion, utaona moyo."

Larissa akanyoosha mkono tu, kiganja kwenye kifua cha yule mbwa mwekundu, na uso wake ukabadilika. Akakiinua kisahani cha stetoskopu hadi kikaachana na manyoya, akasikiliza kikiwa hewani.

"Nani alisema moyo hii iko muzuri?"

Watu wote wakamtazama Daudi. Daudi akatazama mawingu.

"Kelele ya moyo tunaipima kwa ngazi sita," Larissa akasema. "Ya kwanza, unaitafuta mpaka unachoka. Ya sita, unaisikia hata chombo haijagusa ngozi. Hii iko sita."

"Six sur six!" Mama Micheline akapiga vigelegele. "Niliwaambia!"

"Hapana, Mama. Sita ndiyo mubaya kuliko zote."

Vigelegele vikakatika katikati.

"Moyo inafunga milango yake: tu, halafu tup. Katikati inatakiwa kimya. Hapa hakuna kimya. Mulango ya kutokea iko nyembamba, na damu inalazimisha, kama batu banatoka stade ya mpira na wamefunguliwa mulango moja. Kelele munasikia, mitetemo munagusa, ni hiyo. Ilizaliwa nayo." Akamkuna Champion kidevuni. "Mama, haikuanguka hata siku moja ikikimbia?"

Mama Micheline akalitazama jembe lake. "Léon alisema... alisema iko na tabia ya kulala kidogo ikiwinda. Katikati ya mbio. Alisema iko mbwa ya kutulia."

Papa Alfani, aliyekuwa anasugua mguu wake kwa maji na mchanga, akacheka hadi maji yakamwagika.

"Alors," akasema Mama Micheline, akijikusanya, kwa maana chef hakosi uamuzi hata akikosa sababu. "Jambo imeisha. Mandat anabaki. Champion anaenda kwa Bonheur."

"Mimi sina ubaguzi," akasema Bonheur.

Papa Évariste alikuwa ameshinda. Alichokuwa anakipigania tangu asubuhi alikuwa amekipata: Mandat yuko hai, yuko kazini, yuko chini ya meza ya fundi. Alipaswa kwenda nyumbani kula. Lakini Champion alikuwa amekaa katikati ya watu, anawatazama mmoja mmoja, anatikisa mkia kwa kila aliyemtazama, hata Bonheur, hasa Bonheur. Na sababu ya afya ilikuwa imethibitishwa, mbele ya watu, na fundi wa kweli. Kifungu cha nne kilitimia hadi nukta yake. Nani alikiandika? Siyo serikali, siyo Mzungu, siyo Micheline. Mkono wake mwenyewe.

Bonheur akainama kumshika Champion shingoni.

"Article onze! Ya kumi na moja!" Papa Évariste akapaza sauti.

Mkono wa Bonheur ukasimama.

"Onze?" akauliza Papa Alfani. "Si ziko kumi?"

"Ulizisoma?"

"Hapana."

"Nani hapa alizisoma?"

Watu wakatazamana. Mama Micheline akajifanya anamwondoa nzi.

"Basi mutanyamaza. Article onze inasema: mbwa iliyosikilizwa moyo mbele ya batu ya avenue, iko mbwa ya avenue. Na ikionekana mugonjwa, haiondolewe. Inapewa kazi ya kukaa."

"Kazi ya kukaa?"

"Ya kukaa. Ofisi za mji huu zimejaa batu wenye kazi hiyo, na hakuna anayewapika."

"Na article quatre?" akauliza Daudi. Afadhali angeendelea kutazama mawingu.

"Onze inafuta quatre. Iko imeandikwa chini."

Larissa alikuwa anakunja stetoskopu yake kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyohitajika, midomo imebanwa. "Mimi kama daktari," akasema, "ninaona article onze iko muzuri. Isikimbizwe tu. Na isipewe chumvi. Makayabu, hata kidogo hapana."

"Jumatatu itakula nini kwangu?" akashtuka Mama Micheline.

"Kama sisi wengine, Mama," akasema Daudi. "Ndizi."

Bonheur alibaki ameinama, sufuria ubavuni, kama mtu aliyesahau alichofuata. "Na mimi?" akauliza.

"Weye uko Ijumaa," Papa Évariste akamjibu. "Utalisha wawili."

Jua likiwa bado juu ya paa za mabati, Papa Évariste alikaa mbele ya mlango wake, daftari magotini, anaandika haraka. Champion alikuwa amelala juu ya mguu wake wa kulia, na kile kifua kikaupitishia mguu ule mtetemo wake, bwush, bwush, bwush, hadi kwenye goti, mwandiko ukawa unapinda. Kivuli kikaanguka juu ya ukurasa. Alikuwa Papa Alfani, ametoka kusali, kanzu safi, amesimama mbali kwa kipimo cha mpini wa jembe.

"Papa Évariste. Niletee nisome hiyo article onze."

Papa Évariste alifunika ukurasa kwa kiganja. "Ngoja kwanza ikauke," akasema.

Papa Alfani akamtazama. Akaitazama kalamu. Akamtazama mbwa mwekundu, ambaye alitikisa mkia bila kufungua macho. Njia nzima ilikuwa kimya, isipokuwa kelele za Mama Micheline akimtafuta Léon kwenye simu.

"Kama bado iko mbichi," Papa Alfani akasema, akishusha sauti, "ongeza hapo: siku ya Jumatano, mbwa zote mbili zitabaki upande ile ya uzio."

Papa Évariste akaloweka ncha ya kalamu mdomoni, akaandika.